Maji Tuliyokopa kwa Msiba wa Mama

Walisema sitapandisha hata debe moja. Walisema hivyo kwenye foleni ya duka la ushirika na njiani kwenda kanisani. Balozi wetu wa nyumba kumi aliyasema mbele yangu, siku niliposhuka kwenye lori la mboga lililotoka Soni nikiwa bado nimeshika sanduku.

"Umesomea nini huko, mwanangu?" aliniuliza baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Injini na pampu za boti, mzee."

"Boti." Akaangalia bonde la upande huu, kisha bonde la upande ule. "Utaiegesha kwenye migomba ya nani?"

Waliokuwa wakipakua makabichi waliangua kicheko. Nilipowaambia kwamba pampu ni pampu, na kwamba nitapandisha maji kutoka mtoni hadi kwenye mgongo wa mlima, balozi alinipiga begani kwa huruma. "Wewe hutapandisha hata debe moja," alisema. "Shingo ya msomi haibebi."

Nilichukua sanduku langu nikaenda, maana nilijijua. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa mlima ule kuvuka bahari na kurudi na stashahada yenye muhuri. Sikuwa na baba wa kunilipia karo, wala mjomba ofisini. Nilianza kwa kufagia gereji kule Mombo, nikajifunza Kiingereza kwa vitabu vya matrekta vilivyochanika majalada, na nchi ilipopata Uhuru na serikali ikatafuta vijana wa kusomea mitambo, niliufanya ule mtihani nikiwa na grisi kwenye kucha na nikawashinda waliotoka shule za bweni. Naandika haya bila haya yoyote. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe ana haki ya kusema nani alimtengeneza.

Huko nilikopelekwa ni nchi ya mito ya kasi, yenye maji machache na mawe mengi. Boti zao hazina panga la kuzunguka majini linaloning'inia chini, kwa sababu lingevunjika kwenye mwamba wa kwanza. Ndani ya boti kuna pampu. Inanyonya maji kupitia wavu ulio tumboni mwa boti na kuyatupa nyuma kwa nguvu, na msukumo huo ndio unaoipeleka mbele. Ni mtambo mzuri. Kwa muda wote niliokaa kule nilikuwa mtu wa kuitwa boti inapokwama, kwa sababu niliijua sauti yake.

Mwalimu wetu alitufundisha kusikiliza kabla ya kushika spana. Injini ikizama sauti na kukohoa, ubovu ni wa injini: tazama dizeli, tazama chujio, tazama njia yake ya kupumua. Lakini injini ikikimbia kwa sauti nyepesi, juu kuliko kawaida, na boti imesimama pale pale, iache injini. Haina kosa. Pampu ndiyo haishiki maji. Ama majani yameziba wavu, ama kokoto zimekula mapanga ya ndani, ama kuna mahali panavuta hewa. Hilo la hewa ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani. Bomba linalosukuma maji likitoboka hulowesha ardhi. Bomba linalonyonya likitoboka hunyonya hewa kimya kimya, kama mtu anayekunywa kwa mrija wenye tundu, na nje pamekauka kabisa.

Nilipomaliza nilipangiwa kazi kwenye boti za serikali, ziwani. Nilikataa. Niliomba idara ya maji pale Lushoto, kwa mshahara mdogo zaidi, na wenzangu wakaniona nimerukwa na akili. Sababu yangu ilikuwa mama.

Mama alikuwa na kifua kibovu. Aliishi juu kabisa, na mto uko chini kabisa, na kati yake kuna njia ya kupanda inayomfanya hata mbuzi asimame. Nilipokuwa ng'ambo majirani walimkopesha maji. Kwetu maji hayauzwi wala hayagawiwi bure, yanakopwa. Ukikopeshwa debe, unarudisha debe, tena debe lile lile la mwenyewe, na lazima lirudi limejaa. Hulipi kwa mahindi wala kwa senti. Mama alikuwa akilipa kidogo kidogo kwa kopo, anapanda, anakaa kwenye jiwe, anakohoa, anapanda tena. Nilimkuta akifanya hivyo.

"Mama, usishuke tena mtoni," nilimwambia. "Nitakuletea maji mlangoni."

"Utayaleta na hiyo boti yako?" Alicheka mpaka akashika kifua. Lakini baadaye nilimsikia kwenye uzio akimwambia jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa rafiki yake na mshindani wake tangu wote wawili walipoolewa pale, "Mwanangu ataleta maji mpaka hapa. Wewe utakuja kukinga kwangu, na mimi nitakuangalia tu."

"Nitakuja na pipa," bibi alijibu.

Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa. Kaya zilizotawanyika mabondeni zilihamishiwa juu, karibu na barabara, na ghafla watu wengi walikuwa mbali na maji. Wilaya ikatupa injini kuukuu ya dizeli na pampu yake, vilivyotoka kwenye shamba la chai, na kuahidi fundi kutoka Tanga. Niliwaambia wasimsumbue fundi wa Tanga. Fundi alikuwa ameshafika, na stashahada yake ilikuwa ukutani kwa mama.

Kazi ilikuwa ya kujitegemea. Wanaume walichimba mtaro mlima mzima, wanawake wakabeba mabomba na mchanga. Mama nilimkataza, naye akaja. Alisema hawezi kukaa jikoni wakati watu wa mbali wanabeba mabomba ya mwanawe. Hakubeba kitu, alikaa chini pale mtoni, karibu na pampu, akiwachekesha wenzake.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mikono yake. Upande wetu mashamba ya mboga yanamwagiliwa kwa ndiva, yaani bwawa dogo la udongo linalojazwa kwa mfereji na kufunguliwa kwa zamu. Ukuta wa ndiva ukivuja unazibwa kwa nyuzi za mgomba zilizopondwa na udongo wa mfinyanzi, na si kila mtu anajua kuziba. Mama alijua kuliko wote. Alimalizia kwa kuvuta vidole vinne mara moja juu ya udongo, na kidole chake kidogo, kilichopinda tangu utoto, kiliacha mstari wa pembeni uliokwenda njia yake. Kuta za nyumba yetu zilikuwa na alama hiyo. Nililala nikiitazama miaka yote ya utoto.

Siku tuliyowasha, maji yalipanda. Yalifika juu kwenye tangi na kutoka bombani, na vigelegele vikasikika mpaka mlima wa pili. Mama alikinga kopo, akanywa, akampelekea bibi jirani kopo la pili na kumwangalia tu akinywa.

Jua lilipopanda, maji yakapungua. Bomba likatema, likapiga chafya, likakauka. Nikashuka mbio.

"Boti imepiga mwamba," balozi alisema nilipompita.

Kuanzia hapo ikawa hivyo hivyo. Asubuhi na mapema pampu inashika. Siku ya ukungu inashika mpaka mchana. Jua likitoka, basi. Wanakijiji walisema injini imezeeka na inachoka. Ili kuwanyamazisha niliifungua. Chujio la dizeli lilikuwa na maji na tope, nikalisafisha, nikatoa hewa kwenye njia ya mafuta, nikawasha kwa hendeli. Injini ikaimba. Lakini jua lilipotoka, sauti yake ikapanda ikawa nyepesi, inakimbia haina mzigo, na mimi niliijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kwenye mito ya kule. Pampu haikuwa inashika maji.

Nikafuata utaratibu. Nilitoa chujio la mdomo wa bomba mtoni na kuliondolea majani yaliyonasa. Valvu ya chini ilikuwa inazuia maji vizuri. Nilifungua pampu, mapanga yalikuwa mazima. Pale mhimili unapoingilia niliweka kamba mpya niliyoichovya grisi, kwa maana hapo ndipo hewa hupenda kupita. Kisha nikafanya jambo ambalo fundi wa kubahatisha hafanyi. Injini ikiwa imezimwa, maji yote yaliyo mlimani hulalia yale mabomba, hata lile la kunyonya, na ungio bovu lazima lidondoshe tone. Nikatazama asubuhi na mapema, kabla ya jua. Bomba la kunyonya tulikuwa tumelifunika kwa majani ya mgomba lisipigwe na jua. Chini yake ardhi ilikuwa kavu kama ya jikoni. Hapakuwa na tone.

Mama sasa alikuwa kitandani. Nikiingia aliuliza neno moja, "Yamepanda?"

"Asubuhi yalipanda, mama."

"Basi kesho yatapanda zaidi." Kisha akageukia ukuta. Bibi jirani, aliyekuwa akimkanda kifua, alinitazama na kutikisa kichwa. Alikuwa amekuja na debe lake la maji, kama kila siku.

Sikupumzika. Nilitaka maji yatoke mchana, jua likiwa limewaka, mama ayasikie yakigonga kwenye debe mlangoni. Nilitaka hilo kuliko nilivyoitaka ile stashahada.

Asubuhi aliyofariki, jua likiwa limekwisha kutoka, nilikuwa chini na injini. Wanawake waliniita kutoka juu. Waliita kwa Kishambaa, kwa sauti ile ndefu inayovuka bonde, na mtu yeyote wa upande wetu angeisikia. Mimi sikuisikia, kwa sababu injini ilikuwa inanguruma karibu na sikio langu, nyepesi, haina mzigo. Nilimwona bibi jirani amesimama mbele yangu kabla sijajua kwamba kuna mtu. Alikuwa na debe tupu, na mkononi ngata yake ya majani ya kuwekea debe kichwani.

"Zima mtambo wako," alisema. "Mama yako haulizi tena."

Nilizima. Sikuwahi kusikia bonde kimya namna ile.

Msiba unataka maji kuliko sherehe yoyote. Maji ya kumwosha marehemu, maji ya kupika, maji ya mamia ya mikono inayonawa. Watu walikuja kutoka Mgwashi na Bumbuli, kwaya ya Kilutheri ikaja, na mimi niliyeuacha mtambo umezimwa sikuwa na tone la kuwapa. Wanawake wa kijiji walitukopesha. Nilikaa na wanaume kwenye mabenchi ya kanisa yaliyowekwa uani na kuwaona wakitokea njiani mmoja mmoja, debe kichwani, shingo zimekaza. Kila mmoja alikuwa amepita kando ya pampu yangu iliyolala. Hawakunisema. Afadhali wangenisema. Hata mke wa balozi alileta, na balozi mwenyewe alitazama viatu vyake.

Baada ya maziko nilishuka peke yangu. Sikuchukua spana. Nilikaa kwenye jiwe na kufikiri kama nilivyofundishwa. Umande na ukungu, inashika; jua, haishiki. Chuma hakikauki. Mpira haukauki. Kwa hiyo kulikuwa na kitu katika mtambo wangu ambacho si chuma wala mpira, kitu kinacholowa na kukauka, na sikukiweka mimi.

Nikaanza kuondoa majani ya mgomba, moja moja, kutoka mtoni kuelekea kwenye pampu.

Kilikuwa kwenye ungio la pili. Donge la nyuzi za mgomba na udongo wa mfinyanzi, limezungushwa kwenye bomba vizuri, limepakwa likawa laini, sasa limepasuka nyufa kwa joto la jua lililopenya majani. Juu yake mistari minne iliyovutwa mara moja, na ule wa pembeni ukienda njia yake.

Nilielewa yote kwa mara moja. Siku ile ya kazi, mabomba yalipojazwa maji ya majaribio, yeye alikuwa amekaa chini pale na akaona ungio likidondosha tone. Akaona mali ya mwanawe inavuja. Hakuniita, maana nilikuwa juu nikigombana na watu wa mabomba, na kwa nini aniite kwa kitu anachokijua kuliko mimi? Akaliziba kama anavyoziba ndiva, kisha likafunikwa kwa majani pamoja na bomba lote. Kwenye ndiva lingekaa mpaka wajukuu wazeeke, kwa sababu ndiva haikauki. Na lile tone alilolizuia ndilo lingeniambia ungio bovu liko wapi.

Niliwasha injini ili kupata hakika. Jua lilikuwa limewaka. Sauti ikawa nyepesi. Nikachota maji kwa kopo na kuyamwaga juu ya donge. Nyufa ziliyanyonya, nikasikia injini ikishuka sauti na kuwa nzito, kama mtu aliyetwishwa mzigo anaouweza. Pampu ilishika. Nikaendelea kumwaga. Ningeweza kukaa pale kutwa nikimwagilia alama ya vidole vya mama, na maji yangepanda. Nilifikiria hata hilo.

Lakini mtambo hauendeshwi hivyo. Nilizima injini na kujaribu kulitoa donge zima, nikilishika kwa chini kama mtu anavyoshika kiota. Halikukubali. Lilivunjika likawa vumbi na nyuzi, na mistari yote minne ikapotea kwenye viganja vyangu. 

Kisha nikakata gasketi kwenye tyubu ya gari, nikafungua ungio, nikaiweka, nikakaza boliti kwa kukingamisha, hii kisha iliyo mkabala nayo. Maji yalipanda mchana kutwa. Yalipanda na kesho yake. Yanapanda hadi leo ninapoandika, na gasketi ile haijaguswa.

Balozi alishuka kuangalia. "Ubovu ulikuwa nini?"

"Hewa, mzee."

"Hewa tu?"

"Hewa tu."

Akasimama akisikiliza injini kwa heshima. "Basi umesoma," alisema. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu siku ya lori la mboga, na lilipokuja sikujua niliweke wapi.

Lilibaki deni. Nilikwenda kwa kila nyumba iliyotukopesha, nikachukua debe lao wenyewe, nikalijaza bombani pale juu, nikalirudisha limejaa mpaka ukingoni. Wengi walikataa kwa adabu kisha wakapokea. Mke wa balozi alilia kidogo. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi jirani, aliyekopesha kuliko wote. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo bibi. Naomba debe lako nilipe."

"Marahaba. Unakwenda kukinga wapi?"

"Hapo bombani."

"Hayo ni maji yaliyopanda yenyewe," alisema bila kuinua macho. "Yangu nilipanda nayo. Mimi sikumkopesha mama yako maji, mwanangu. Maji ni ya mto. Nilimkopesha mlima."

"Bibi, bomba liko hatua chache tu."

"Naliona. Nitakinga hapo kesho, kama nilivyomwahidi, na pipa. Leo nataka changu."

Ningeweza kubishana. Nina stashahada. Nilichukua debe, akanipa na ngata yake, nikashuka.

Wanaume waliokuwa kwenye kibaraza cha duka waliniona nikirudi na debe kichwani, na nilisikia mmoja akisema boti sasa inatembea nchi kavu. Maji yaliingia shingoni na mgongoni. Pale kwenye jiwe la mama nilitaka kupumzika, ila sikujua namna ya kujitua mwenyewe bila kumwaga. Yeye alijua, hata na kifua kile. Nilipofika, bibi alichungulia.

"Limepungua."

"Kidogo, bibi."

"Linarudi limejaa. Na usiende kujazia pale; nitajua."

Nikamwaga yale kwenye migomba yake, nikashuka tena. Safari hii balozi, aliyekuwa kati ya wanaume wa kibarazani, alisimama na kuondoa kofia nilipopita. Nilipanda polepole, nikiweka mguu pale nilipokumbuka mama akiweka wake, shingo imekaza, pumzi fupi. Sikulia njiani, kwa sababu ukilia kichwa hutikisika na maji humwagika.

Bibi alikuwa amesimama akinisubiri. Alinyoosha mikono yake miwili na kunitua, kama wanawake wa kwetu wanavyotuana, akaliweka debe chini na kulitazama. Maji yalikuwa yamefika ukingoni.

"Basi," alisema, na akanifuta uso kwa upande wa kanga yake. "Mama yako hadaiwi na mtu."